Chuo cha Sanaa Bagamoyo: Habari Zake na Faida Yake



Leo nataka kuwapa habari za nyumba moja iliyoko pwani ya Tanzania, katika mji wa Bagamoyo. Katika nyumba hiyo hufundishwa ngoma, muziki, michezo ya kuigiza, sarakasi na kazi nyingine za sanaa. Watu wa makamo huiita Chuo cha Sanaa, kwa kuwa ndilo jina lililokuwa likitumika tangu 1981. Na tangu 2007 jina lake la serikali ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Wengi wamelisikia jina hilo, lakini si wote wanaojua kazi yake. Wako wanaouliza: Kwa nini serikali iweke mali yake katika jambo ambalo babu zetu walilifanya chini ya mwembe, bila darasa, bila cheti, wala mshahara? Je, mtoto aweza kufundishwa ngoma kama afundishwavyo hesabu?

Swali hili si la upuuzi, wala sitalikwepa. Lakini mwenye kutaka kujua faida ya kisima hana budi kwanza aujue ukame uliofanya kisima kichimbwe. Basi na tufuate historia hatua kwa hatua, kisha kila mmoja atakata shauri mwenyewe.

Tuanze na mji wenyewe. Bagamoyo uko kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 70 hivi, nao waielekea Unguja ng'ambo ya bahari. Katika karne ya 19 ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilifika hapo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Na watumwa nao walifikishwa hapo kwa minyororo, wakavushwa kwenda Unguja. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga misheni yao hapo, na Februari 1874 maiti ya Livingstone ilipitishwa hapo, baada ya kuchukuliwa na watumishi wake kutoka bara ya mbali. Wajerumani walipoingia, waliufanya mji huo makao yao makuu, hata 1891 walipohamia Dar es Salaam. Tangu hapo Bagamoyo ukapungua, majumba yake ya mawe yakaanza kubomoka, na vijana wake wakaenda kutafuta kazi kwingine.

Nimezitaja habari hizo kwa sababu moja. Mji ule ulizoea kupokea watu wa kila kabila, kila mmoja na lugha yake na wimbo wake. Wapagazi waliimba njiani ili mzigo upate kuwa mwepesi, na walipoufikia mwisho wa safari walipiga ngoma usiku. Hivyo, chuo kilipokuja kujengwa hapo miaka mingi baadaye, kikawakusanya vijana kutoka pande zote za nchi, mji uliona jambo uliloliona zamani. Ila safari hii watu walikuja kwa hiari yao.

Sasa na tutazame ngoma zilikuwa kitu gani kwa wazee wetu. Neno lenyewe latufundisha. Kwa Kiswahili ngoma ni kile chombo kilichowambwa ngozi. Ngoma ni mchezo unaochezwa. Ngoma ni mkutano wa watu waliokuja kucheza. Tena ngoma yaweza kuwa ni dawa ya mgonjwa, au mafunzo ya vijana wanaoingia utu uzima. Mambo yote hayo yameingia katika neno moja, maana katika maisha ya watu hayakutenganishwa.

Chukueni mfano wa Wasukuma na ngoma yao ya bugobogobo. Ngoma hiyo ilitokana na kilimo. Watu walijipanga mstari shambani, kila mtu na jembe lake, na mpiga ngoma akawatia mwendo. Jembe likainuka pamoja, likashuka pamoja, na mvivu akaonekana mara moja kwa kuwa alikuwa nje ya mapigo. Kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa siku nyingi, ikamalizika kwa siku moja, na watu wakaimba. Wasukuma wana pande mbili za mashindano, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno kila upande hujaribu kuwavuta watazamaji waende kwake. Huyu huja na nyoka mkubwa, yule huja na mbinu mpya ya kurusha jembe hewani na kulidaka. Mambo hayo yaliwafundisha vijana nguvu, utii, akili ya kubuni, na namna ya kushindana pasipo kumwaga damu.

Au chukueni Wagogo wa nchi ya Dodoma. Kwao wako wanawake wapigao ngoma iitwayo muheme. Huibana kati ya mapaja wakaipiga kwa mikono, wakiwa wamesimama na kucheza, nao huifanya kazi hiyo kwa ustadi ambao mwanamume hupewa mara chache kuugusa. Pwani nako ziko chapuo, msondo na vumi, kila moja na sauti yake na zamu yake. Na kabla ya kupigwa huwekwa karibu na moto, ngozi ikakaza, hata mpigaji aigonge kwa kidole na kuridhika. Nani aliyewafundisha watu hawa? Mtoto alimwona baba, akapiga kigae cha chungu. Alimwona shangazi, akatikisa mabega nyuma ya nyumba. Alipokosea alichekwa, akarudia. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule, na hapakuwa na haja ya shule nyingine.

Basi, ukame ulianzaje? Ulianza kwa mambo matatu yaliyokuja pamoja.

La kwanza ni kazi za mbali. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana mashamba ya katani, bandarini na reli. Vijana wakaondoka vijijini kwa miezi mingi, na msimu wa ngoma ukapita bila wao. La pili ni amri za serikali ya kikoloni. Katika miji mtu hakuweza kupiga ngoma ila kwa kibali, na saa ya kumaliza iliwekwa na mkubwa ambaye hakujua kwa nini ngoma ile ilipaswa kukesha. La tatu, nalo latuhusu sisi walimu zaidi ya wengine, ni shule. Katika shule nyingi za misheni ngoma ilihesabiwa kuwa jambo la ushenzi. Mtoto aliyeonekana ngomani usiku alichapwa asubuhi. Darasani alifundishwa nyimbo za Kizungu, akaimba habari za theluji na maua asiyopata kuyaona. Na wimbo wa bibi yake ukawa jambo la kuonewa haya.

Lakini mwenye kuandika historia hana budi kusema haki. Si wamisheni wote waliokuwa na mawazo hayo. Huko Masasi, tangu miaka ya 1910, Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, alijaribu kuiingiza jando katika maisha ya Kanisa badala ya kuipiga marufuku. Na karibu na Mwanza, huko Bujora, padri mmoja kutoka Kanada, David Clement, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma, viti vya watemi, na vyombo vya Wasukuma, vikawekwa katika jumba la makumbusho ambalo wageni hulizuru hata leo. Walakini watu wa namna hiyo walikuwa wachache. Kizazi kizima cha waliosoma kilikua kikijua kusoma noti za kinanda, nacho hakikujua kuwamba ngoma.

Ndipo tunapofika mwaka 1962. Tarehe 10 Desemba mwaka huo Julius Nyerere, alipokuwa ameapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alilihutubia Bunge. Katika hotuba hiyo alisema ya kwamba ubaya mkubwa wa ukoloni ulikuwa kutufanya tuamini hatukuwa na utamaduni wetu wenyewe. Akawauliza wakubwa waliokuwa mbele yake ni wangapi kati yao waliojua kucheza dansi za Kizungu na za Kilatini, na wangapi waliojua gombe sugu, kiduo au lelemama, au hata waliopata kuzisikia. Kisha akatangaza kuanzishwa kwa wizara mpya, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hebu fikirini jambo hilo. Nchi ilikuwa na walimu wachache na waganga wachache, na barabara zake nyingi zilifungwa wakati wa mvua. Na bado mambo ya ngoma yakapewa Waziri.

Katika miaka iliyofuata serikali iliunda kikundi cha taifa cha ngoma. Wajumbe walikwenda mikoani wakachagua wachezaji na wapigaji hodari, wakawaleta Dar es Salaam. Vijana wengine walipelekwa China kujifunza sarakasi, nao waliporudi ikaundwa timu ya taifa ya sarakasi. Baadaye kikaongezwa kikundi cha maigizo. Vikundi hivi vilicheza katika sherehe za taifa, vikawapokea wageni wa serikali, vikasafiri nchi za nje.

Lakini kasoro ilionekana. Kikundi cha taifa kiliwakusanya wanaojua, hakikuwazaa wengine. Mchezaji alikuja na ujuzi wake kutoka kijijini, akautumia jukwaani mwaka baada ya mwaka, na alipozeeka ujuzi ule ulizeeka pamoja naye. Kwa hiyo, serikali ilipoamua kuvivunja vikundi vile karibu na mwisho wa miaka ya 1970, mawazo yaligeuka kutoka kuonyesha hadi kufundisha. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo, na baadhi ya wachezaji wa zamani wa vikundi vya taifa wakawa walimu wake.

Chuo kile hakikufanana na shule nyingine. Mwanafunzi alitakiwa ajifunze mambo mengi kabla ya kuchagua moja: ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, na kazi za nyuma ya jukwaa kama vile taa na mapambo. Na katika ngoma hakuruhusiwa kubaki na ya kwao tu. Mhaya alifundishwa sindimba ya Wamakonde. Mmakonde alifundishwa bugobogobo. Kijana wa Kilimanjaro alivaa njuga akajifunza kukanyaga kama watu wa pwani. Mtu aliyekulia katika mapigo ya aina moja, akilazimishwa kuingiza miguu yake katika mapigo mengine, huwa kama mtoto anayejifunza kutembea upya. Hujikwaa, huchekwa na wenziwe, naye huwacheka zamu yao ifikapo. Na akisha kujua, hawezi tena kuwadharau watu wa ngoma ile, maana ameonja ugumu wake mwilini mwake. Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120. Ziko njia nyingi za kuhubiri umoja, lakini sijui nyingi zinazouingiza mpaka miguuni.

Tangu 1982 chuo kimekuwa na tamasha ambalo hufanywa kila mwaka. Siku hizo vikundi huja kutoka mikoa mbalimbali na nchi nyingine, na mji hujaa. Wenye nyumba za wageni hupata wageni, wauza samaki na mama wa vitumbua hupata wanunuzi, wachonga ngoma hupata wa kuzinunua. Watoto wa Bagamoyo, ambao baba zao ni wavuvi na wakulima, huchungulia na kuingia bila kualikwa, na kesho yake utawaona ufukoni wakipiga madebe na kurukaruka kama walivyoona. Hivyo kile kigae cha chungu nilichokitaja kimerudi kwa jina jingine.

Kati ya walimu wa chuo kile nitamtaja mmoja, kwa kuwa habari zake zaeleza kazi ya chuo kuliko maneno yangu. Jina lake Hukwe Zawose. Alikuwa Mgogo, mzaliwa wa kijiji karibu na Dodoma, na katika utoto wake alichunga ng'ombe kama watoto wote wa kwao. Alipiga ilimba, ile marimba ya kushika mikononi yenye vipande vingi vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Alipiga na zeze. Na sauti yake ilipanda juu kama filimbi, kisha ikashuka chini kama ngurumo ya mbali. Katika miaka ya 1960 aliitwa Dar es Salaam akaingia katika kikundi cha taifa, na chuo kilipofunguliwa akahamia Bagamoyo kufundisha. Aliimba katika nchi nyingi za Ulaya na kwingineko, sahani zake zikauzwa huko, na jina lake likajulikana na watu ambao wasingeweza kuionyesha Dodoma katika ramani.

Huyu hakuwa amepita katika chuo chochote cha muziki cha Kizungu. Angebaki kijijini, wajukuu wake wangemsikia, na majirani. Nao wangekuwa wameridhika. Lakini kwa kuwa palikuwa na mahali pa kumweka mtu wa namna hiyo, akapewa heshima ya mwalimu pamoja na mshahara, vijana wa makabila mengine waliketi mbele yake wakajifunza jinsi Wagogo wanavyozipanga sauti zao, moja juu ya nyingine, jambo ambalo wataalamu wa muziki huja kutoka mbali kulisikiliza. Tena aliwaleta watu wa ukoo wake Bagamoyo, wakakaa, wakazaa, na nyumba yao ikawa kama chuo kidogo kando ya chuo kikubwa.

Sasa yafaa tuwasikilize wenye kulaumu, kwa maana wanayo haki yao. Husema, ngoma iliyoondolewa kijijini imekatwa mizizi. Kule kijijini ilikesha. Jukwaani hupewa dakika chache. Kule watu walicheza wakiwa duara, wala hapakuwa na tofauti kubwa kati ya mchezaji na mtazamaji. Jukwaani wachezaji hupangwa wakielekea upande mmoja, na watazamaji hukaa kimya vitini. Kule wimbo ulikuwa na mafumbo yaliyokusudiwa mtu fulani na jambo fulani. Jukwaani hubaki sauti tupu. Tena huutoa mfano wa sindimba. Kwa Wamakonde ngoma hiyo yahusiana na mafunzo ya vijana, na mwendo wa viuno una maana yake na wakati wake. Ilipochukuliwa ikachezwa kila mahali mbele ya wageni, wengi waliona viuno tu, wakacheka, na mafunzo yakasahauliwa.

Lawama hiyo ni ya kweli, wala sioni faida ya kuipunguza. Anayeichukua ngoma ya watu bila kuyachukua maelezo yake huchukua ganda akaacha kokwa. Lakini naomba tukumbuke mambo mawili. Kwanza, ngoma hazikuwa mawe yasiyobadilika hata zamani. Ngoma ya beni ilizuka pwani ya Kenya karibu na mwisho wa karne ya 19, watu wakiiga bendi za askari, na tarumbeta na mavazi yao. Na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi wakaieneza mpaka Nyasa. Wazee wa wakati ule waliilaumu sana. Leo wazee wetu huikumbuka kwa mapenzi kama jambo la kale. Pili, katika sehemu nyingi uchaguzi haukuwa kati ya ngoma ya kijijini na ngoma ya chuoni. Ngoma ya kijijini ilikuwa imekwisha kunyamaza, na waliobaki ni wazee wawili watatu waliozikumbuka nyimbo zake. Mwenye njaa aliyeletewa muhogo asiulize kwa nini si pilau. Lakini ana haki ya kudai muhogo usiwe na uchungu. Na chuo nacho chastahili kudaiwa kila siku kwamba mwanafunzi, pamoja na hatua za miguu, afundishwe ngoma hii ni ya nani, huchezwa lini, kwa nini, na ni nani asiyepaswa kuicheza.

Nafika sasa kwenye miaka miwili ya msiba, ambayo kwangu ndiyo jibu la swali letu la mwanzo. Mwaka 2002 moto uliteketeza ukumbi wa maonyesho wa chuo. Ulikuwa ukumbi mkubwa ulioezekwa kwa makuti, na mtu yeyote wa pwani ajua jinsi makuti makavu yanavyopokea moto upepo wa bahari uvumapo. Mahali ambapo kwa miaka mingi wanafunzi walifanyiwa mitihani na wageni kukaribishwa, pakabaki majivu. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Desemba 2003, Hukwe Zawose akafariki dunia huko huko Bagamoyo.

Hasara ipi ilikuwa kubwa zaidi? Ukumbi ulikuwa wa thamani, na kuukosa kulikuwa taabu kwa walimu na wanafunzi. Lakini mazoezi hayakukoma, kwa sababu ngoma zilizofundishwa mle ndani hazikuungua. Zilikuwa katika mikono na miguu ya watu, nao waliweza kuzipiga chini ya mti kama walivyofanya babu zao. Baada ya miaka kadhaa, kwa msaada wa nchi za Ulaya ya Kaskazini, ukumbi mpya ulisimama, tena wa kisasa kuliko ule wa kwanza. Nyumba yajengwa kwa fedha. Mtu kama Zawose hajengwi kwa fedha. Kama angalikufa bila wanafunzi, hakuna rafiki wa nchi yoyote ambaye angaliweza kuturudishia kitu.

Lakini hakufa bila wanafunzi. Mwaka 2024 binti yake, Pendo Zawose, na mjukuu wake, Leah Zawose, walitoa albamu yao wenyewe iitwayo Maisha. Kwa muda mrefu wanawake wa ukoo ule walikuwa waitikiaji na wachezaji, wakisimama nyuma ya wanaume walioongoza wimbo. Sasa hawa wawili wameongoza wao, na vyombo vya mzee wameviweka mikononi mwao. Hapa wenye kulaumu na wenye kusifu waweza kukutana. Jambo limebadilika, hapana shaka. Mzee wa zamani angestaajabu kuona mwanamke akitangulia na ilimba. Walakini sauti ni ile ile ya Wagogo, na mnyororo haukukatika. Mtoto alimwona baba, mjukuu akamwona babu. Na waliokuwa nje ya ukoo nao walimwona, kwa kuwa palikuwa na mahali palipofunguliwa mlango wake kwa kila mtu.

Basi, nikirudi katika swali la kwa nini serikali iweke mali katika chuo cha ngoma, jibu langu ni hili. Zamani kijiji kizima kilikuwa chuo, na kila mzee alikuwa mwalimu asiyelipwa, kwa sababu watoto walikuwa karibu naye mchana na usiku. Maisha yamewatenganisha: watoto wako shuleni, vijana wako mjini, wazee wamebaki nyumbani na ujuzi wao. Panatakiwa mahali ambapo mwenye kujua na mwenye kutaka kujua watakutana tena, na ambapo mwenye kujua hatalala njaa kwa sababu ya kufundisha. Bagamoyo ni mahali pamoja pa namna hiyo. Faida yake kubwa sipimi kwa wageni wanaokuja wakati wa tamasha, ingawa wageni ni jambo jema. Naipima kwa idadi ya watu wanaoondoka pale na kitu ambacho wazee wao walikuwa karibu kwenda nacho kaburini.

Lakini chuo kimoja hakiwezi kubeba mzigo wa makabila zaidi ya 120. Hata kingekuwa na kumbi kumi, hakiwezi kufika katika kila kijiji kabla wazee hawajatutoka. Kwa hiyo namaliza kwa shauri kwa kila aliyesoma maneno haya.

Ninyi wanafunzi, mna kalamu na daftari, vitu ambavyo babu zenu hawakuwa navyo. Mwendeeni mzee aliye karibu nanyi, kwa adabu, baada ya kumsaidia kazi yake. Mwulizeni ngoma za ujana wake ziliitwaje. Zilichezwa msimu gani na kwa sababu gani. Ngoma kubwa ilichongwa kwa mti gani na kuwambwa kwa ngozi ya mnyama gani. Nani aliyeanzisha wimbo na nani aliyeitikia. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha yake, hata yale msiyoyaelewa. Maana huenda mkayaelewa mkiwa watu wazima. Andikeni na jina lake juu ya ukurasa, kwa kuwa mali ile ni yake. Na mwenye simu ya kunasa sauti aombe ruhusa kwanza, ndipo ainase.

Nanyi walimu wenzangu, mwalikeni mzee au bibi mmoja shuleni katika kipindi cha michezo. Mpeni kiti mbele, mwiteni mwalimu mbele ya watoto, na siku hiyo asirudi mikono mitupu. Japo kilo ya sukari yamwonyesha ya kuwa ujuzi wake una thamani. Zamani shule ndiyo iliyomfanya mtoto aione haya ngoma ya kwao. Hivyo ni haki shule hiyo hiyo iwe ya kwanza kumwondolea haya hiyo.

Nanyi wazee wetu, msikatae mkija kuulizwa. Watoto wa siku hizi wana haraka, na maswali yao pengine yana upungufu wa heshima, lakini wamekuja. Wavumilieni kama mlivyovumiliwa ninyi mlipopiga vigae nyuma ya nyumba.